Hatimaye Mama Waya Azima Simu

Baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi, fundi mkuu wetu wa mitambo, Mama Waya, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Alianza kama mkatisha tiketi. Siku kompyuta yake ilipomkera, aliifungua kwa bisibisi bila ruhusa ya mtu, na hakuna aliyethubutu kumrudisha dirishani.

Enzi hizo kampuni yetu ya mabasi ilitegemea seva moja, kompyuta kuu ya kuuzia tiketi. Ikizimika, tiketi haziuzwi, abiria wanakuja juu, na simu ya Mama Waya inaita. Iliita hata kwenye harusi ya binti yake mkubwa. Alitoka ukumbini na gauni lake la sherehe, na aliporudi maharusi walishaondoka. Kwenye picha za familia hayumo, na binti alinuna mwaka mzima.

Ndipo akadai seva ya pili. Akaziita Bi Mkubwa na Bi Mdogo, na mbele yao akaweka ruta aliyoipa jina la Bawabu. Wateja wote wanajua anwani moja tu, ya Bawabu. Yeye huwapeleka kwa Bi Mkubwa. Bi Mkubwa akianguka, anawageuzia njia kwa Bi Mdogo, na mteja anapata tiketi yake bila kujua nani kamhudumia. Wakurugenzi waliuliza kwa nini tulishe wake wawili. Mama alichomoa waya wa Bi Mkubwa mbele yao, akawaomba wanunue tiketi. Walinunua.

Ila yeye mwenyewe hakuwa na wa akiba. Kila likizo ilikatizwa na mtu aliyesahau neno lake la siri. Basi mwezi uliopita, harusi ya binti mdogo ilipokaribia, alizima simu na kuondoka kimyakimya. Wapendwa mliopata barua pepe zinazoanza "Mwanangu, waya umechomeka vizuri?", zile nilikuwa naandika mimi, msaidizi wake, kwa jina lake. Mhasibu hata alimpongeza Mama kwa kupunguza ukali.

Siku ya harusi, Bi Mkubwa alizimika kweli. Bi Mdogo akashika zamu, nami nikakaa na simu mkononi, bila kumpigia. Mama alipata habari Jumatatu. Safari hii picha zote yumo, na nyingine amecheza mpaka kilemba kimekwenda upande.

Mama Waya, asante kwa yote. Tutakukosa sana, pamoja na makaripio yako. Tunakutakia maisha mema na marefu. Washa simu sasa. Ikiita, ni wajukuu.