Nilda Condarco, Aliyeikunjua Ngumi Isiyokuwepo

Baada ya miaka thelathini na minne katika idara yetu ya tiba ya viungo, Nilda Condarco anastaafu tarehe 30 Juni. Wagonjwa humwita doña Nilda, yaani Bi Nilda, kwa heshima. Sisi wenzake tunamwita Kioo, na wageni kazini hudhani ni kwa sababu ya urembo. Mwenyewe hajawahi kuwasahihisha, kwa hiyo nitasimulia mimi.

Ni binti wa mchimba bati wa Huanuni, hapa Bolivia. Alisomea La Paz, akarudi kwetu Oruro, na kwa miaka mingi alinyoosha migongo na magoti ya watu wa migodini. Kisha akaletwa Fermín Lupa.

Baruti ilimlipukia Fermín ikamkata mkono wa kushoto chini ya kiwiko. Kidonda kilipona vizuri, lakini mkono usiokuwepo ukaanza kumtesa. Aliuhisi umekunja ngumi, kucha zikizama kiganjani, na hakuwa na namna ya kuikunjua. Usingizi ukampaa. Mkewe, Justa, alishaanza kuficha visu vya jikoni. Majirani walisema Tío, bwana wa chini ya mgodi, ameushika mkono ule na hataki kuuachia.

Asubuhi moja Nilda alimkuta na ndevu za wiki nzima, akaamua kumnyoa. Alipomgusa shavu la kushoto kwa taulo la moto, Fermín aliruka.

“We mama, acha! Unanigusa kidole gumba!”

“Nakugusa shavu, baba.”

“Shavu, ndiyo. Na kidole gumba pia. Kile kilichobaki mgodini!”

Mtu mwingine angecheka, au angemwita daktari wa wagonjwa wa akili. Nilda alimgusa tena, taratibu, akasikiliza.

“Huna wazimu, Fermín,” akamwambia. “Kichwani mwako mkono una chumba chake, na jirani yake ni uso. Mkono umeondoka, uso umehamia. Ukiguswa uso, chumba cha mkono kinaitika.”

“Basi mwambie huyo jirani anikunjulie ngumi!”

Ulikuwa utani wake wa kwanza tangu ajali.

Nilda alikuwa amesoma kwamba kioo huweza kuusaidia ubongo ujipange upya. Daktari wetu mkuu akamwambia ajaribu. Basi aling'oa kioo cha chumba chetu cha kubadilishia nguo, tena wiki ya sherehe za Kanivali, tukabaki kupaka rangi ya midomo kwa kukisia. Alikisimamisha mezani: mkono mzima mbele ya kioo, kigutu nyuma yake. Fermín alipotazama, akaona mikono miwili.

“Kunja yote. Sasa kunjua, polepole.”

Mwanzoni hapakutokea kitu. Fermín alikitukana kioo, akamtukana na fundi aliyekitengeneza. Nilda akawa anamrudisha kitini kila siku. Majuma yakapita, mpaka tukasikia kilio, na Justa akaingia mbio akidhani mumewe ameumia.

“Imefunguka, Justa,” Fermín alisema. “Ngumi imefunguka.”

Akalala palepale kitini. Nilda akasimama mlangoni, akakataza mtu yeyote kumwamsha.

Si wote waliopona. Casimira, muuza sambusa za salteña aliyekatwa mguu, kioo hakikumsaidia hata kidogo. Nilda hakumwacha, mpaka leo humtembelea kila Alhamisi kumkanda na kupiga naye soga. Fermín naye hupiga ngoma kubwa katika bendi ya wachimba madini, na huamka na maumivu mara mojamoja tu. Idara sasa ina vioo vya kutosha, na vijana waliofundishwa na Nilda kuvitumia.

Asante, Nilda, kwa kumwamini mtu aliyesema anaumwa mahali ambapo sisi hatukuona kitu. Wengi tulijifunza kwako kuuliza kwanza, ndipo tushike. Nenda ukapumzike, dada yetu. Tunakuombea afya, usingizi mtamu na wajukuu wasumbufu.