Mwani wa Umi na Kimbunga cha Simuni

Umi alikuwa akirudi kwao kisiwani Jibondo kwa boti, na mwani alioupanda bado ulikuwa majini, haujakomaa. Mbele yake walikuwa wamekaa watu wawili wasiojuana, waliokutanishwa na kimbunga kilichomo simuni mwao.

"Modeli ya hali ya hewa ya Ulaya inakileta huku huku kwetu," alisema Careen, muuguzi mgeni wa zahanati.

"Ya Wamarekani inasema kitafia baharini, dada," alijibu Luqmani, fundi mashua. "Hiyo yako juzi si ilikipeleka Msumbiji?"

"Ndiyo, na ikajirekebisha. Ndiyo maana naiamini."

Walibishana kwa raha, kama mashabiki wa mpira. Umi akashindwa kujizuia.

"Wanangu, nina mwani mchanga majini. Niung'oe, au niuache?"

Luqmani akaifunika simu kwa kiganja.

"Kusema kweli, mama, hatujui," Careen alisema taratibu.

"Ahsante, mwanangu."

Boti ikagusa mchanga. Wale wawili wakaanza tena, safari hii kwa sauti ya chini. Umi akapandisha kanga, akashuka majini, akaenda kufungua kamba ya kwanza ya mwani wake. Mwani ulikuwa mwepesi mno mkononi.