Vitabu vya Mwalimu Konokono Si vya Kabatini

Mwalimu wetu wa darasa la awali ameitumikia shule hii miaka thelathini na mbili. Leo Ijumaa, tarehe ishirini na nane, anastaafu. Walimu walitaka kumwandikia hotuba ya kumuaga wao. Akakataa. Akasema aandike kibarua wa shule, anayefyeka chini ya dirisha lake, maana huyo ndiye aliyesikia masomo yake yote. Basi nimeandika, na nasoma mwenyewe. Nina hasira. Nasema mapema.

Jina lake la utani wote mnalijua, Mwalimu Konokono. Msijifanye leo kwamba mlimpa kwa mapenzi. Mlimpa kwa dharau, kwa sababu darasa lake lilikuwa la mwisho kumaliza kila kitu. Mwalimu wa hesabu alikuwa akipita mlangoni lazima amchokoze.

"Dada, mmefika ukurasa wa ngapi?"

"Wa chura."

"Si chura huyohuyo wa jana?"

"Jana tulimwangalia mgongo. Leo tumbo."

Ndivyo alivyofundisha. Kitabu kimoja cha picha, watoto wamekizunguka chini. Anasoma mstari mmoja. Anauliza, "Haya, kitabu kinasema kweli au kinatudanganya?" Halafu wote nje, wananyanyua mawe, wanamtafuta huyo mnyama. Wakimpata wanamlaza kando ya kitabu, wanalinganisha miguu. Ugomvi hapo, kelele, matope mpaka masikioni.

Hadithi za sungura aliyevaa suruali alizisoma pia, ila saa ya kwenda nyumbani. "Hizi za kuchekea," aliwaambia. "Zile za kujulia."

Vitabu vyenyewe vya wanyama vilikuja kwenye maboksi, vikatupwa ofisini. Hakuna aliyevigusa mpaka panya walipoanza kuvisoma. Yeye akaingia, akajitwika boksi moja moja, akavipeleka darasani. Hakumuuliza mtu. Vilivyochanika alivishona kwa sindano ya magunia. Kile cha ndege kimeshonwa mpaka kimenenepa kama mkate.

Picha nazo zina balaa lake. Kwenye kitabu cha wadudu, kiroboto amejaza ukurasa mzima. Mtoto wa muuza mkaa akagoma kulala. Anasema chini ya kitanda kuna kiroboto, mkubwa kama mbuzi, na anaruka. Baba mtu akaja shuleni amefura. "Mwalimu, umemtia nini mwanangu kichwani?"

Mwalimu hakubishana. Alisema kosa ni lake, picha haisemi ukubwa. Tangu siku hiyo hakuna mnyama aliyetoka kitabuni bila kupimwa. Kiroboto akapewa nukta moja ya kalamu. Tembo tukamchora uwanjani kwa chokaa, mimi na ndoo, yeye na kamba. Nyangumi akatutoa jasho. Kichwa kilianzia kwenye bomba la maji, mkia ukaenda kuishia chini ya gari la Mkuu wa shule. Mkuu akatoka.

"Mama, hiki nini tena?"

"Nyangumi, Mkuu. Umemkanyaga mkia."

Watoto walicheka mpaka wengine wakajikojolea. Gari lilisogezwa.

Kuna jingine, hili hamlijui. Mama wa binti yangu alipofariki, ndugu walimwambia mtoto kwamba mama amesafiri. Basi kila jioni mtoto anakaa mlangoni, anasubiri. Hali chakula. Siku moja darasani wakafungua kile kitabu cha ndege, penye ndege aliyekufa, sisimizi wamemzunguka. Binti akauliza, "Huyu ataamka lini?"

Mwalimu angeweza kusema kesho. Sisi tungesema kesho. Akamwambia, "Haamki, mwanangu. Aliyekufa harudi. Si kwamba hataki. Hawezi."

Nilikuwa dirishani na fyekeo mkononi. Nilitaka kuingia nimtukane. Binti akalia mchana kutwa. Jioni akala. Mlangoni hakukaa tena. Ukoo mzima ulimficha mtoto yule, akaambiwa ukweli na mwalimu wa awali na ndege wa kwenye picha. Nikimwona mtu anakidharau kitabu kile, damu inanipanda.

Sasa tuje kwenye hasira yangu.

Kamati ya shule imeamua kumuenzi mwalimu. Imenunua kabati la vioo, imeliweka ofisini kwa Mkuu, imeandika jina lake juu kwa rangi ya dhahabu. Humo ndani viingie vitabu vyote vya wanyama. Vikae visafi, wageni wavione. Kufuli juu yake. Mwalimu mpya wa awali atapewa chati ya ukutani, atanyooshea fimbo.

Huko ndiko kumuenzi? Mtu alijitwika maboksi kuvitoa vitabu ofisini, zawadi yake ni kuvirudisha ofisini! Heri panya. Panya angalau alivifungua.

Mnasema watoto watavichafua. Vimeshachafuka! Ukurasa wa nyoka umekuwa mweusi kwa vidole, maana kila mtoto mwoga hapa alianza kumgusa nyoka pale. Wengine leo ni watu wazima, wamekaa humu ukumbini, wanajijua. Hawa wadogo waanzie wapi? Waguse kioo?

Mwalimu alipoonyeshwa kabati alisema asante. Hana ugomvi na mtu. Kisha akanifuata kule nyuma ninakochomea majani. Akaniuliza, "Baba, mkono wa mtoto utafika ile rafu ya chini?" Nikamwambia mkono utafika, lakini kuna kufuli. Huyu ambaye hata kwa sisimizi hakosi neno, aliangalia moshi, akaondoka.

Jana nikapewa kufuli nikafunge.

Basi sikilizeni. Vitabu havimo kabatini. Viko darasa la awali, kwenye rafu niliyoipigilia ukutani kwa misumari mirefu, usawa wa magoti yangu. Mtoto anayetambaa anafika. Atakayetaka kuing'oa aje na nyundo, na aje watoto wakiwa ndani, awaeleze. Kabati wekeni vikombe vya mpira. Vikombe havina mtu anayetaka kuvisoma.

Kufuli nimelizungushia karatasi ya maua, na funguo zake zote. Liko kati ya zawadi hapo mezani. Mwalimu, ile ndogo nzito ndiyo hiyo, imetoka kwangu na kwa binti. Funga nayo banda la kuku. Mkuu, ukitaka kunifukuza unajua ninapofyeka.

Mwalimu Konokono, asante. Asante kwa watoto wa watu, asante kwa wangu. Umebeba nyumba hii mgongoni, na wenye mbio wamekukuta umeshafika. Nenda ukapumzike. Mungu akupe afya, magoti yasikuume, ule ushibe, na asije mtu akakuharakisha tena.

Ila mvua zikianza, rudi hata siku moja. Chura bado hajaisha.