Bi Moza wa Kompyuta Zinazosema

Tarehe 30 Juni 2025 Bi Moza Thuwein anastaafu baada ya kukitumikia Kituo chetu cha Nyenzo za Kufundishia, hapa Wete, kwa miaka thelathini na miwili. Cheo chake cha mwisho ni Afisa wa Medianuwai Shirikishi. Majirani zake wa Jadida wamejaribu kukitamka, wakashindwa, na wao humwita tu "Bi Moza wa kompyuta zinazosema". Yeye mwenyewe hulipenda zaidi jina hilo.

Aliajiriwa mwaka 1993 kuchora picha za ukutani na kurekodi hadithi kwenye kaseti. Kompyuta ya kwanza ilipofika kituoni, wengi wetu tuliizunguka kwa heshima kama tunavyomzunguka mgeni asiyejulikana kala au hakula. Bi Moza alivuta kiti, akaketi, akamuuliza mwalimu wa kozi ya kompyuta swali lililomtoa jasho: "Hii ikimwambia mtoto kitu, mtoto naye atajibu vipi?" Tangu siku hiyo kazi yake yote ilikuwa kulijibu swali hilo. Alitunga masomo ambayo mtoto habaki kutazama tu. Anabonyeza picha, picha inasema, inasubiri, na mtoto anaamua kinachofuata.

Somo lake la kwanza la kusoma herufi lilikuwa na mlio mkali kwa kila jibu la kosa. Watoto walishtuka, wengine wakalia. Bi Moza akaufuta, akataka mahali pake aweke mlio wa mbuzi. Mbuzi halisi aliletwa kituoni, akawekewa maikrofoni, akatafuna waya na kunyamaza. Basi sasa tunaweza kutoboa siri: mbuzi anayesikika mpaka leo katika skuli zetu ni Bi Moza mwenyewe.

Mwaka 2003 walikuja wageni kutoka Unguja kuamua iwapo mradi wa masomo haya uendelee au ufungwe. Tukawapeleka skuli ya Makangale, kompyuta imefungwa ndani ya blanketi, jenereta nyuma ya gari. Darasa zima likakosea. Herufi ambazo watoto walizisoma vizuri ubaoni, kwenye kompyuta walizikosa moja baada ya nyingine, tena huku wakicheka. Mgeni mmoja akafunga faili lake, akasema kwa masikitiko kwamba watoto wa huku bado hawajawa tayari kwa mambo haya.

Neno lile lilimchoma Bi Moza. Alipiga magoti karibu na msichana mdogo aitwaye Siti, akamuuliza taratibu, "Mwanangu, wewe jibu walijua. Mbona wabonyeza kosa?"

Siti akamjibu bila wasiwasi, "Nnataka mbuzi alie."

Bi Moza aliinuka, akawageukia wageni. "Watoto hawa wako tayari," akasema. "Tuliokosea ni sisi. Tumewapa zawadi kwa kukosa. Nipeni muda wa kula chakula chenu cha mchana." Wageni wakaenda kula wali na pweza. Yeye hakula. Alibaki na kompyuta, akauhamishia mlio kwenye jibu sahihi. Kwa jibu la kosa, mbuzi wa kwenye picha anamtazama tu mtoto na kumsubiri. Wageni waliporudi, mbuzi alilia mfululizo hata mbuzi wa kweli wa mwalimu mkuu akaitikia kutoka nje. Mradi haukufungwa.

Lakini ukituuliza sisi tuliofanya naye kazi, siku tunayoikumbuka zaidi ni ile ya kijijini Ole, mwaka 2006. Uchaguzi ulikuwa umepita, lakini hasira zake hazijapita. Mzee Nyange, mkulima wa karafuu, na Mzee Mmanga, fundi baiskeli, majirani waliokua pamoja, walikuwa wa vyama mbalimbali na hawakuwa wakisalimiana. Walisali msikiti mmoja, kila mtu akatoka kwa mlango wake.

Bi Moza alikuwa anatunga somo la salamu na adabu, akahitaji sauti za wazee wawili. Aliwachagua hao hao. Tulimshauri aachane nao, naye akatuambia kwamba hakuna wengine Ole nzima wenye salamu nzuri kama zao. Alikwenda kwa kila mmoja, akamweleza wazi mwenzake atakuwa nani. Mzee Nyange alifikiri kidogo, akasema, "Sawa. Mie nnaisalimu kompyuta, simsalimu mtu." Mzee Mmanga akakubali kwa sharti kama hilo. Wakarekodiwa kila mmoja siku yake.

Siku ya kuzindua somo, wazazi walijaa darasani. Wazee wetu walikaa mbele, baina yao viti vitupu. Mtoto akaitwa, akabonyeza picha ya Mzee Nyange. "Assalamu alaykum," ikasema kompyuta. Ilibidi sasa abonyeze picha ya pili ili ajibiwe, lakini mtoto alifurahishwa na ya kwanza. Akaibonyeza tena. Na tena. Mzee Nyange akawa anasalimu, anasalimu, na Mzee Mmanga wa kwenye kioo kimya. Watu wakaanza kunong'ona, maana kutojibu salamu si jambo dogo.

Mzee Mmanga wa kwenye kiti alivumilia mpaka akashindwa. "Mwanangu," akasema kwa sauti, "nibonyeze na mie basi! Nitaonekana sina dini!"

Darasa likaangua kicheko. Mtoto akambonyeza, na kompyuta ikajibu kwa ukamilifu, "Waalaykumu ssalaam warahmatullahi wabarakatuh." Kicheko kikatulia. Mzee Nyange alikuwa ameinamisha kichwa. Akakiinua, akamgeukia mwenzake, akatoa ile salamu kwa mdomo wake mwenyewe. Safari hii Mzee Mmanga hakungoja kubonyezwa. Alijibu, akasogea kwenye kiti kilichokuwa kitupu, wakapeana mikono. Bi Moza alikuwa ameinama nyuma ya meza, akijidai kutengeneza waya ambao haukuwa na tatizo lolote.

Vyama hawakubadilisha, na ubishi wao haukwisha. Lakini mke wa Mzee Mmanga alipougua, aliyempeleka hospitali ya Wete alikuwa Mzee Nyange.

Miaka iliyofuata Bi Moza alihamisha masomo yake kutoka kompyuta kubwa mpaka vishikwambi, akafundisha walimu vijana, na akakataa mara mbili uhamisho wa kwenda Unguja akidai kwamba huko hakuna anayecheka kwa wakati unaotakiwa. Wiki iliyopita alituachia wasia mmoja: "Mkishatunga somo, mketisheni mtoto mbele yake, halafu nyinyi nyamazeni."

Tulipomuuliza anataka zawadi gani, alisema chochote kisicho na kitufe wala chaji. Kwa hiyo, Bi Moza, tumekununulia mkeka mpana wa ukili. Ahsante kwa kazi, kwa uvumilivu na kwa kutuchekesha. Mwenyezi Mungu akujaalie afya, umri wenye baraka na nyumba yenye furaha. Utandike mkeka wako ukumbini, ujinyooshe, na akija mtu kukuuliza habari za kompyuta, mwambie Bi Moza amelala.