Nuhu Chande na Vyungu Mia Mbili na Kumi na Kimoja

Ijumaa hii, tarehe 29 Juni 2018, ikifika saa kumi na moja jioni, Nuhu Chande wa Ujiji atakuwa ametimiza miaka thelathini na miwili ya utumishi, na kompyuta itamfungia mlango. Ndivyo wanavyofanya siku hizi: ukistaafu, jina lako la kuingilia linakufa saa ile ile. Mimi ni Rozalia Ntakarutimana, mpika chai wa ofisi hii ya kuandikisha wakimbizi tangu mwaka 1997. Nimeambiwa nitoe wasifu wake kwa kuwa hakuna mwingine aliyekaa naye muda mrefu hivyo. Shule sikwenda hata siku moja. Mimi nasema, Honorata wa masjala anaandika, na nimemkataza kunirekebisha. Mtanisamehe pia kwamba karatasi hii ya sherehe haina vicheko vingi. Nina hofu, na nitawaeleza ni hofu ya nini.

Nuhu aliingia kazini Juni 1986, kijana mwembamba, karani wa kupokea barua. Watu walipofurika kutoka Burundi mwaka 1993 akapewa daftari na kalamu, akapelekwa ufukweni kuandika wanaoingia. Mwaka 1996 walipokuja wengine kutoka ng'ambo ya ziwa, akaandika tena. Makarani wenzake walikuwa wanaanza na jina, jina la baba, ukoo, wilaya, na mtu amesimama mbele yao ana matope mpaka magotini, hajui hata leo ni siku gani. Nuhu alikuwa na swali moja la kwanza: "Unakula chungu kimoja na nani?" Hapo hata aliyechanganyikiwa alijua la kujibu. Aligeuka akaonyesha kwa kidole: huyu, huyu, na yule bibi aliyekaa kwenye mzigo.

Swali hilo lina uzito kwetu. Sisi Warundi kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe. Mimi ni Ntakarutimana, kaka yangu wa tumbo moja ni Ndayiragije, na baba aliyetuzaa alikuwa Ntahomvukiye. Ukitusoma kwenye karatasi utadhani tumekutana gatini jana. Nuhu, mtu wa kofia na msikiti, mzaliwa wa Ujiji, alilijua hilo kuliko maofisa waliosomea mbali.

Ana vituko vyake. Ni mwana wa Ujiji anayeogopa maji. Mwaka 2015, watu walipojaa ufukweni Kagunga, alipelekwa huko kwa boti, na mabaharia wanasimulia hadi leo kwamba alifumba macho kuanzia Kigoma, akawa anauliza kila dakika, "Tumefika?" Alipokanyaga mchanga alitapika, akanawa, akafungua daftari. Aliandika siku nne mfululizo. Chai yangu pia amekuwa akiisema vibaya miaka yote hii kwamba ni nyepesi, na hakuna siku aliyobakiza.

Mwaka huo huo madaftari yakaondolewa, ikaletwa programu mpya ya kompyuta. Tukaambiwa itakuwa haraka, itakuwa safi. Lakini ndani yake kulikuwa na kisanduku cha jina la ukoo. Usipokijaza, programu haiendi mbele. Ukikijaza, inawakusanya watu kwa hilo jina: wenye jina moja ni familia, wenye majina tofauti ni wageni. Mama akiwa na watoto watatu wenye majina yao matatu ya Kirundi, mashine ilimwandika mwanamke asiye na mtoto. Watoto ikawaandika hawana mzazi.

Nuhu aliliona siku ya kwanza, akawaandikia vijana wanaotengeneza programu hiyo, huko mji mkubwa waliko. Jibu lilikuja kabla hajamaliza chai: "Tumepokea ujumbe wako. Tunaufanyia kazi. Toleo jipya litakuja hivi karibuni." Alifurahi, akatusomea kwa sauti kama barua ya mtoto aliye masomoni. Akawajibu, "Ahsanteni sana, wanangu." Jibu likaja tena lile lile, neno kwa neno. Akashukuru tena. Walishukuriana hivyo wiki nzima, mpaka Honorata akamwonea huruma.

"Mzee Nuhu, huyo anayekujibu si mtu. Ni mashine."

"Sasa mtu yuko wapi?" akauliza Nuhu.

Honorata akarudi masjala kwake.

Toleo jipya lilikuja baada ya miezi miwili. Tulisimama wote nyuma ya kiti chake kulitazama. Vitufe vilikuwa vya kijani, sasa vilikuwa vya bluu. Kisanduku cha ukoo kilikuwa pale pale. Nikasema, hawa wametupakia rangi nyumba inayovuja. Walicheka, lakini Nuhu hakucheka, kwa sababu siku hiyo ilikuwa Jumanne, na Alhamisi asubuhi mabasi yalikuwa yanakuja kuhamisha watu kutoka kituo chetu kwenda kambi mpya.

Orodha ya mabasi ilitolewa na programu. Ikabandikwa ukutani. Mwanamke mmoja, Caritas, alisomewa jina lake: basi la pili, peke yake. Watoto wake watatu walikuwa kwenye karatasi nyingine kabisa, ya watoto wasio na wazazi, ambao gari lao lilikuwa linakwenda kituo cha watoto, si kambini. Mkubwa wao, Armelle Iradukunda, alikuwa na miaka tisa. Caritas alikuja mpaka mlangoni kwangu amewashika wote watatu kwa kitambaa kimoja cha nguo. Amewafunga kiunoni kwake, kama mbuzi.

"Mawe!" akasema, yaani "mama wee" kwa Kirundi. "Nimevuka nao maporini usiku sita sijapoteza hata mmoja. Leo ndiyo nawapoteza kwenye karatasi?"

Nilimwingiza ndani. Nyuma yake kulikuwa na wengine. Nyuma ya hao kulikuwa na wengine. Mimi nilikimbia mwaka 1972 na mtoto mgongoni, na ninavyowajua watu wanaoogopa, hawapigi kelele. Kituo kizima kilikuwa kimya.

Nuhu alipiga simu kila namba aliyokuwa nayo. Mwishoni akapata sauti ya mtu iliyomwambia suala lake limepangwa kwenye toleo lijalo. Lini? Robo ya mwaka inayofuata. Alishukuru, kwa sababu ndivyo alivyolelewa, akaweka simu chini, akavua miwani, akaifuta kwa shati. Kisha akamwita Caritas.

"Mama, mashine inataka ukoo. Mimi nina ukoo wangu, hauna kazi kubwa. Nikuazime?"

Caritas akamtazama. "Mzee, mimi ni Mkatoliki."

"Kwenye mashine tu, mama. Ibada endelea nayo."

"Na wewe utakuwa nani wao?"

"Karani wao."

Akaandika Chande. Lakini wote wakiwa Chande, mashine ingewafanya familia moja ya watu elfu moja, na basi la namna hiyo halipo. Tarakimu kisanduku kilikuwa hakikubali. Ndipo akaandika hesabu kwa maneno: Chande Moja, Chande Mbili, Chande Tatu, kila chungu na namba yake. Aliuliza swali lake lile lile, wakaonyeshana kwa vidole, akaandika. Caritas na wanawe wakawa Chande Arobaini na Saba.

Mkuu wetu, Bwana Leonardi, aliingia mchana akaona skrini.

"Mzee Nuhu, unajua huku ni kughushi?"

"Najua, mkuu."

"Unajua kughushi ni jela?"

"Najua. Vuta kiti basi unisaidie, maana vyungu bado vingi."

Leo Bwana Leonardi anaweza kusema hakuvuta. Mimi nilimpelekea chai kwenye kiti hicho. Mpaka Jumatano jioni walikuwa wameandika vyungu mia mbili na kumi na kimoja, orodha ya mabasi ikatolewa upya, na Alhamisi kila chungu kilipanda basi moja. Armelle alipita dirishani na mama yake na wadogo zake. Hakupunga mkono. Alikuwa ameshika nguo ya mama yake kwa mikono miwili.

Barua ya wakubwa ya kumwonya Nuhu ilikuja baada ya miezi mitano. Hata barua zao ni za polepole.

Kuanzia wiki ile ya mabasi, kila Jumatatu, Nuhu amekuwa akiwaandikia vijana wa programu jambo moja: wanangu, msibadilishe kitu bila kutuambia, majina haya ya namba ni watu. Honorata amehesabu. Ni ujumbe mia moja arobaini na tatu. Majibu ni mia moja arobaini na tatu, yote yakisema umepokelewa.

Sasa sikilizeni. Mwanzoni mwa mwezi huu likaja tangazo: Jumatatu tarehe 2 Julai toleo jipya litaanza kazi, na litasafisha majina ya ukoo yasiyo sahihi. Siku tatu baada ya Nuhu kuondoka. Chande zote zikisafishwa, watoto wanarudi kule kule, kwenye orodha ya wasio na wazazi. Na siku hizi kuna mabasi ya wanaorudi Burundi. Mama anaweza kuitwa, mtoto asiitwe.

Honorata alihangaika mpaka akapata namba ya mmoja wa vijana hao, anaitwa Feliksi. Jumanne tarehe 12 akampigia, akampa Nuhu simu. Nuhu alianza kumwuliza habari za nyumbani na za kazi, nikaona kifurushi cha simu kitaisha. Nikachukua simu.

"Wewe ndiye Feliksi?"

"Ndiyo. Naongea na nani?"

"Na bibi yako. Salamu iko wapi?"

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nuhu amekuandikia mara mia moja arobaini na tatu. Umesoma ngapi?"

Akasema kweli, na kwa hilo namheshimu. "Bibi, aliyekuwa akisoma ujumbe huo aliacha kazi mwaka juzi. Hakuna aliyeufungua tena."

"Na Chande mnawasafishia nini?"

"Tulidhani ni makosa ya uchapaji. Nani anaitwa Arobaini na Saba?"

"Mtoto. Ana miaka kumi na miwili sasa. Tarehe 2 Julai unataka kumwondoa kwa mama yake."

Nilisikia akivuta kiti. Alisema toleo lenyewe hawezi kulizuia, linakwenda nchi nyingi. Lakini anaweza kufunga jalada la kila chungu lisiguswe, ikiwapo fomu yenye alama za vidole za wote wanaokula pamoja, na fomu hiyo iingizwe na yule yule aliyeandika mara ya kwanza. Yaani Nuhu. Kwa jina lake Nuhu, kabla halijafa. Kisanduku chenyewe, Feliksi ameahidi kwa mdomo wake kukiondoa, na tangu siku ile anapiga simu kila jioni. Nimemwambia ahadi naiweka, lakini usingizi bado.

Basi mstaafu wetu hizi siku zake za mwisho hakukaa kufungasha meza. Amekuwa kambini, nyumba kwa nyumba, na wino wa vidole na fomu ndani ya mfuko wa sukari ili zisilowane. Anarudi usiku, anaziingiza, anaondoka alfajiri. Mguu wake wa kushoto umevimba. Mkewe, Bi Nasra, amekuja hapa kuniuliza kama mume wake ameoa huko. Nikamwambia hapana mwanangu, ana watoto tu, wengi.

Tunavyopiga chapa karatasi hii, Alhamisi adhuhuri, vyungu mia moja tisini na nane vimefungwa. Vimebaki kumi na vitatu. Wengine wamehamishiwa sehemu nyingine, wengine hawajulikani. Arobaini na Saba ni kimojawapo. Majirani wa Caritas wanasema amekwenda na wanawe kulima vibarua kwenye vijiji vya Waha, kijiji gani hawajui. Nuhu amesema Ijumaa ataondoka saa kumi za alfajiri kuwatafuta.

Kwa hiyo, ndugu wageni, sherehe ni saa tisa, na mkikuta kiti cha mbele kitupu msinung'unike wala msianze kula. Hotuba zisiwe ndefu. Mwenye gari na aje aniambie. Mwenye ndugu vijiji vya huko na ampigie simu sasa hivi, aulize mwanamke anayeitwa Caritas, ana binti mrefu asiyependa kuachia nguo ya mama yake. Honorata atakuwa amekaa kwenye kompyuta ya Nuhu, imewashwa, na mlango wa ofisi hautafungwa.

Nuhu, ndugu yangu, umetutumikia vizuri mpaka nimekosa la kukusuta. Kwa wote uliowaandika tangu 1993, na kwa hao waliobeba ukoo wako bila kukudai urithi, tunasema ahsante. Mungu akupe uzee wenye usingizi, miguu iliyopona, na chai nzito unayoitaka. Pumzika, umestahili, kuanzia saa kumi na moja na dakika moja. Kabla ya hapo, kimbia.