Kipa Aliyemkimbia Mama Mkwe

Watu wa Kabati wamekubali! Nzuki wangu anaoa! Mbuzi wamepokelewa, na yule kipa wa Vumbi United mliyemtukana hapa Tawa mwezi mzima sasa ni mkwe wa watu!

Haya, nisalimu sasa, maana mwenzangu Syokau ananikonyeza kwamba nimeanza hotuba kwa mkia.

Mheshimiwa Chifu Kilonzo, Mchungaji Thuo wa kanisa letu, Mwalimu Mkuu, ndugu wageni waalikwa, akina mama wenzangu wa kikundi, mliobeba mchanga wa ukumbi huu kutoka mtoni kwa migongo yenu, na ninyi vijana wa mpira mnaochungulia dirishani ilhali viti vipo: hamjambo nyote?

Nimeambiwa nifungue ukumbi huu wa televisheni kwa maneno machache. Jamani, mimi niliishia darasa la nne. Maneno machache hufundishwa darasa la tano.

Nani asiyejua kwamba katika Tawa nzima ni mtoto mmoja tu anayeonekana ndani ya televisheni? Na nani alimzaa? Ninajisifu, ndiyo. Aliyelima akavuna, mnataka afiche gunia? Nzuki anaigiza kipa wa Vumbi United, ile timu ya vichekesho ya kila Jumamosi jioni, timu ambayo haijawahi kushinda hata mechi moja tangu kipindi kianze. Mnamcheka, na mimi nafurahi, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yake.

Lakini Jumamosi ile hamkucheka wote.

Mchungaji, wewe hukuzaliwa huku, na siku ile ulicheka mpaka ukashika ukuta wa duka la Karanja, tulikokuwa tukitazamia, kisha ukauliza, "Sasa hawa wengine wamekasirikia nini?" Wacha nikueleze leo mbele ya watu. Sisi tuna nthoni. Mwanamume na mama mkwe wake hawakutani uso kwa uso. Akimwona njiani, anaingia porini mpaka mama apite, na mama naye anageuka. Si chuki. Ni heshima, na ni kubwa.

Sasa kumbukeni. Vumbi United wanaongoza bao moja kwa bila, kwa mara ya kwanza katika maisha yao. Zimebaki dakika mbili. Nyuma ya goli anapita mama mmoja na kikapu cha ndizi. Kipa anageuka: mama mkwe! Anavuta jezi mpaka kichwani, anaruka ua, anajificha kwenye mahindi. Mama naye anajifunika leso. Na mpira, ambao haukupigwa hata kwa nguvu, unajiendea polepole, polepole, mpaka ndani.

Aiya! Duka liligawanyika kama kuni. Wazee walisema Nzuki amegeuza nthoni kuwa mchezo wa kuchekesha watu wa Nairobi. Akina mama walisema hapana, ameonyesha nchi nzima kwamba Wakamba wana adabu. Vijana wa mpira ndio walikuwa wakali zaidi, hawakujali nthoni wala adabu, walipiga kelele, "Kipa hatoki golini hata mama mkwe akianguka!" Na wewe Chifu wetu ulisimama barazani Jumatatu ukasema Nzuki ametuvua nguo. Nakushukuru. Nasema kweli, nakushukuru. Wengine walinisema nikiwa nimewapa mgongo. Wewe ulinisema nikiwa nimekaa kiti cha mbele, ukanitazama machoni. Huyo ndiye kiongozi.

Haya yote ningeyavumilia. Lakini kuna kosa nililofanya mimi mwenyewe, na leo nalikiri. Nzuki alikuwa amemposa Nthenya, binti wa Mzee Nzioka wa Kabati, na mbuzi watatu wa ntheo, wale wa kufunga posa, walikuwa wameshapelekwa. Na mimi, kwa majivuno yangu, nilikuwa nimetuma ujumbe Kabati: wakwe zangu, Jumamosi hii msikose, mwangalieni kijana wenu! Sikujua ataigiza nini. Walikusanyika hotelini, ukoo mzima, wakaona mkwe wao mtarajiwa akimkimbia mama mkwe jezi ikiwa kichwani, na hoteli nzima ikicheka.

Jumatano mbuzi walirudi. Watatu, wamefungwa kwa kamba ile ile niliyowafungia mimi. Mnajua maana yake. Posa imevunjika.

Nzuki alikuja kutoka Nairobi. Mzee Nzioka alikuwa ametuma neno: kijana aache uigizaji na aombe msamaha redioni, ama asahau Nthenya. Nikamwambia, "Mwanangu, omba msamaha, mke ni bora kuliko televisheni." Akaniambia, "Mama, Nthenya nitampenda hata nikilima mtama. Kazi naweza kuiacha. Lakini nikiomba msamaha kwa kumkimbia mama mkwe, si nitakuwa nimesema ilifaa nisimame nimkodolee macho?"

Nilimchukua Syokau, nikawachukua mbuzi, tukaenda Kabati.

Mzee Nzioka alitupokea kwa adabu, uji tukapewa, lakini uso wake ulikuwa umefungwa. "Mama Nzuki," akasema, "mwanao amefanya heshima yetu kuwa kichekesho."

Kabla sijajibu, sauti ikatoka jikoni. Alikuwa mama yake Nthenya. Akauliza, "Hilo bao, lilikuwa la kushindwa?"

Nikasema, "La kusawazisha. Kisha wakafungwa la pili akiwa bado kwenye mahindi."

"Na wenzake walimwita arudi?"

"Walimwita mpaka sauti zikakauka."

"Akarudi?"

"Hakurudi mpaka mama alipopita na ndizi zake zote."

Akatoka jikoni akifuta mikono. Akamwambia mumewe, "Baba Nthenya, mwaka ule tulipooana, mama yangu alikukuta sokoni ukiwa na kikombe cha chai. Ulikimbia?"

Mzee akasema, "Nilikimbia! Mashahidi wapo!"

"Ulimaliza chai kwanza."

Ndugu zangu, Mzee Nzioka alijaribu kukasirika. Nilimwona akijaribu. Midomo ikakataa. Alicheka mpaka kofia ikaanguka, na mama yule akaongeza, "Huyu kijana aliacha ushindi kwa ajili ya mama mkwe. Wewe ulishindwa kuacha chai. Nani kati yenu amechezea nthoni?" Mzee akainuka, akashika kamba, akawaingiza mbuzi zizini kwa mkono wake mwenyewe.

Kwa hivyo mkiwasha televisheni hii, bishaneni. Gombaneni mpendavyo. Mtu akisema kipa alikosea, msimnyamazishe. Na akisema alifanya vyema, mpisheni kiti. Kitu kisichogusa moyo wa mtu hakileti ugomvi, na mwanangu amegusa nchi nzima. Lakini kabla hamjarudisha mbuzi wa mtu, ulizeni kwanza jikoni.

Nawashukuru nyote kwa kunivumilia na maneno yangu marefu. Nawashukuru akina mama kwa ukumbi, Mchungaji kwa maombi, na Chifu kwa ulimi wake ulionyooka. Ukumbi umefunguliwa.

Na sasa sikieni vizuri, asiniambie mtu kesho kwamba hakuambiwa. Harusi ni kanisani Kabati, saa nne asubuhi. Tawa yote inatarajiwa, waliocheka na waliokasirika, na vijana wa mpira mje na jezi zenu: Jumamosi, tarehe kumi na sita Desemba.