Simba Siyo Huyu

Jumanne, tarehe kumi na mbili Agosti, saa nne na nusu asubuhi, ndipo mambo yalipogeuka kwenye benchi la kahawa la Salim pale Otonglo, nje ya Kisumu. Kabla ya saa hiyo lilikuwa benchi tu: ubao mrefu juu ya matofali, umeegemezwa kwenye ukuta wa duka la mabati, malori ya Busia yakipita na kuwamwagia watu vumbi lao. Salim alikaa mbele yake na jiko la makaa na birika la kahawa chungu yenye tangawizi. Babu yake alikuja zamani kutoka pwani akiifuata reli, na ingawa Salim mwenyewe hajawahi kuiona Mombasa, Kiswahili alikilinda kama mtu aliyeachiwa shamba la ukoo. Wateja wake wa kila siku walikuwa watatu. Shitanda, mtu wa Kakamega, waliyemwita Waziri kwa sababu aliwahi kulinda lango la ofisi moja ya serikali, akastaafu na tabia ya kutoa matamko. Calvince, fundi wa simu, waliyemwita Setilaiti, maana hakuna jambo lililotokea chini ya mbingu bila yeye kuliona. Na Mzee Gordon Ooko, msoma masomo wa kanisani, ambaye hawakuthubutu kumpa jina la utani, hasa tangu mwezi wa tatu.

Mwezi huo wa tatu Mzee Gordon alimzika Okinyi, mwanawe wa pekee, kwenye boma la zamani kule Luanda Kotieno, mahali feri inapoondokea kwenda Mbita. Tangu siku ile hakurudi huko. Alibaki hapa Otonglo na mkewe Milka, akisali asubuhi, akinywa kahawa, akizungumza polepole kuliko zamani, kama mtu anayebeba maji yaliyojaa hadi ukingoni.

Asubuhi hiyo hata kahawa ilimkera. Wajukuu wake wawili, Sheryl na mdogo wake Rachael, walikuwa wametumwa kutoka Nairobi waje kumaliza likizo. Mama yao, Nakhungu, angekuja kuwachukua Jumamosi. Usiku uliopita alikuwa amepiga simu, akasema kwa sauti ya upole iliyomuuma mzee kuliko tusi: Baba, kama watoto hawajisikii kwao huko, mimi sitawalazimisha Desemba. Mzee aliyaelewa maneno hayo hadi mwisho wake. Desemba wasipokuja, hata Pasaka hawatakuja. Watoto wa Okinyi wangekuwa wageni, na baada ya wageni wangekuwa watu baki.

Wala si kwamba hakujaribu. Alianza na yale mabwawa ya kuogelea ya mjini yenye mabomba ya kuteleza, ambayo kila mtu alimwambia ndiyo furaha ya watoto wa siku hizi. Wakateleza mara moja, wakajifunga taulo, wakakaa kando kama abiria waliochelewa gari. Basi mzee, ambaye hajapata likizo hata moja maishani mwake, akaanza kutafuta likizo. Aliwapandisha mashua ya Dunga wakaona viboko na ndege wa kwenye mafunjo. Aliwapeleka kwenye mawe makubwa ya Kit Mikayi, akapanda nao huku magoti yakimlaani. Aliwakalisha kando ya ziwa wakala samaki mzima na ugali kwa mkono. Kila mara Sheryl alisema asante, Babu, kwa adabu aliyofunzwa na mamake, kisha akauliza swali lilelile: simba je?

— Si umewapeleka kwa simba? akauliza Calvince.

— Nimewapeleka. Jana.

— Wakamwona?

— Calvince, simba alikuwa hapa na mtoto alikuwa hapo. Katikati ni waya tu. Akapiga miayo mpaka tukahesabu meno.

— Na Sheryl akasema?

Mzee Gordon alikiweka kikombe chini kabla ya kujibu.

— Akamwangalia. Muda mrefu sana. Halafu akasema, siyo huyu.

Mzee akaongeza kwamba yule mdogo alilia njia nzima, na kwamba alipowauliza ni simba yupi basi wanayemtaka, Sheryl alimtazama kwa huruma, kama mtu anayemficha mgonjwa habari mbaya. Yeye mwenyewe alikuwa amesali juu ya simba, akasema mzee. Miaka yote kanisani, na sasa anapiga magoti juu ya simba.

Calvince ndiye aliyetangulia kutoa elimu. Watoto hawa, alieleza, wamelelewa na simu. Kwenye simu simba ana manyoya mengi shingoni, anasimama juu ya jiwe, upepo unampiga, na muziki unalia. Yule wa mjini amelala kwa tumbo kama mlevi wa Jumatatu. Mtoto ana haki ya kumkataa. Dawa yake ni kumpiga picha yule simba, kisha yeye Calvince amwongezee manyoya na upepo, watoto waonyeshwe kwenye kioo, kazi iishe.

— Watu wanatoka ng'ambo kuja kuona ziwa kwa macho, akasema Shitanda, na wewe unataka watoto wa hapa wafungiwe ndani waangalie kioo. Ndiyo maana utalii umekufa.

— Umekufa lini, Waziri? Uliuzika wewe?

Shitanda alijinyoosha kama mtu aliye mbele ya vipaza sauti akatangaza kwamba kosa ni la mkoa mzima. Watoto wanataka kuona mnyama aliyekasirika, na Kisumu haina. Kakamega wako. Ng'ombe dume wawili wanakutana uwanjani asubuhi, vumbi linapanda, watu wanakimbia na matawi, filimbi zinalia. Mtoto akishaona pembe zikigongana hatataja simba tena mpaka aolewe.

— Hiyo ni likizo ama ni ajali? akauliza Salim.

— Ni utamaduni.

— Mzee amekwambia watoto wamefiwa na baba yao, akasema Salim, na wewe unawapeleka wakanyagwe na ng'ombe.

Hapo wakazozana. Calvince alidai kwamba kiboko wa Dunga anaweza kukasirika vizuri tu bila mtu kusafiri hadi Kakamega, ila ni lazima mwenye mashua amkaribie kwa nyuma. Shitanda akasema watu wa ziwa kila jambo wanataka limalizikie majini. Salim alipendekeza feri: wapandishwe feri waende Mbita na kurudi, hewa safi, mawimbi, basi. Lakini jina la Luanda Kotieno lilipotajwa Mzee Gordon aligeuza uso kuelekea barabarani, na Salim akajimiminia kahawa ambayo hakuihitaji.

Ndipo Shitanda, akitaka kulifukuza lile jambo zito lililoingia, akaja na mpango wa jibwa la mwenye duka la mabati. Mbwa yule ni mkubwa, alisema, tena wa manjano tayari. Anachopungukiwa ni manyoya ya shingoni, na manyoya ni katani. Afungiwe katani, awekwe juu ya kichuguu kule nyuma ya soko, jioni jua likiwa nyuma yake, watoto wamwone kwa mbali.

— Akibweka? akauliza Calvince.

— Tutasema ana mafua.

Siku nyingine mzee angecheka. Siku hiyo alivua kofia, akajifuta kipaji cha uso, akairudisha kichwani.

— Jamani, akasema taratibu. Mimi nimezika mtoto. Nimebaki na hawa wawili. Jumamosi mama yao anakuja. Nimekuja hapa kuomba shauri, na ninyi mnanifungia mbwa katani.

Calvince alimwita Jaduong', yaani mzee wa heshima kwa Kijaluo chao, akamsogezea kikombe.

Ndipo Milka alipotokea kutoka sokoni na kikapu cha mboga, wajukuu wakimfuata nyuma. Uso wake ulikuwa umechoka. Alimwambia mumewe, Baba Okinyi, kaa na hawa watoto kidogo, huyu mdogo amekataa kutembea. Calvince aliwapisha kwenye benchi. Rachael akajibanza kwenye goti la babu yake. Sheryl alibaki amesimama, akiwasalimia wazee mmoja mmoja kwa mkono, kama alivyofunzwa.

Shitanda alimsogelea kwa sauti ya serikali iliyolainishwa. Alimwuliza kama likizo inaendelea vizuri, naye akajibu ndiyo. Alimwuliza kama viboko walimpendeza, akajibu ndiyo. Ndipo Salim, aliyekuwa akipuliza makaa, akauliza bila hata kuinua kichwa swali ambalo katika hekima yao yote hakuna aliyekuwa amelifikiria.

— Mwanangu, huyo simba unayemtafuta, ni wa nani?

— Ni simba ya baba, akasema Sheryl.

— Simba wa baba, akasahihisha Salim.

— Baba mwenyewe alisema hivyo. Alisema, kule nyumbani niko na simba yangu. Alisema iko mpaka leo, imesimama karibu na geti. Alisema likizo ya Agosti atatupeleka tuione.

Kikombe cha Calvince kilibaki hewani. Milka aliweka kikapu chini, akajifunika mdomo kwa ncha ya kitambaa cha kichwa.

Salim aliwatazama mmoja baada ya mwingine, akaona kwamba yeye peke yake ndiye aliyebaki nje ya mlango. Calvince akainama akamweleza kwa sauti ya chini. Kwa Kijaluo simba si mnyama. Simba ni kile kijumba ambacho kijana hujijengea katika boma la babake anapoanza kuwa mwanamume, karibu na lango, alale mbali na nyumba ya mama. Okinyi alikuwa na yake kule Luanda Kotieno. Hakupata kujenga boma lake mwenyewe, kwa hiyo simba ndiyo nyumba pekee aliyoiacha kwao. Lakini watoto walizaliwa Nairobi, mama yao ni Mluhya, na nyumbani huzungumza Kiswahili. Neno hilo walilisikia kwa Kiswahili.

— Lakini siku ya mazishi si walikuwa huko? akanong'ona Shitanda.

Sheryl alimsikia.

— Tulikuwa huko, akasema. Nilimtafuta. Karibu na geti kulikuwa na hema na watu wengi wanalia. Nikajua ameogopa kelele akajificha.

Mzee Gordon aliikumbuka siku ile. Hema lilifungwa kwenye ukuta wa simba yenyewe, kamba moja kwenye bawaba ya mlango. Viti vya wageni vilirundikwa mbele yake. Mtoto alikuwa ameegemea kitu alichokuwa akikitafuta.

Rachael akainua uso kutoka gotini. Ndiye aliyekuwa hajasema neno tangu jana.

— Babu, akasema. Baba hayuko. Sasa nani anamlisha?

Watu wanne wazima walikuwa pale, na Milka wa tano. Mmoja alikuwa na tamko kwa kila jambo, mmoja ameona kila kitu, mmoja anajua ngeli zote. Lori moja likapita, likafuatwa na jingine, na vumbi likatua kwenye vikombe bila mtu kuvifunika.

Mzee Gordon alimwinua Rachael akampakata. Alichukua muda wake. Kisha akaanza kueleza kwa Kiswahili chake cha taratibu, akitafuta kila neno kabla ya kulikanyaga: kwamba simba ya baba yenu ni nyumba. Kwamba aliijenga akiwa kijana wa shule, udongo aliukanda kwa miguu yake, na ukuta wa upande wa ziwa ulipinda kwa sababu alikataa kusaidiwa. Kwamba usiku alilala humo akisikia maji. Kwamba hakuwadanganya. Imesimama mpaka leo, karibu na lango.

Sheryl alisikiliza yote bila kupepesa. Mzee alingoja alie, au akasirike, maana alikuwa amengoja simba na sasa anapewa kibanda.

— Haina meno, akasema Sheryl.

— Haina.

— Na tunaweza kuingia?

Tangu mwezi wa tatu mzee alikuwa akiukwepa mlango ule hata katika ndoto. Alimtazama Milka, na Milka akamtazama, wakakaa hivyo kama watu waliosikia wakiitwa kwa mbali na kila mmoja anangoja mwenzake aitike.

— Tunaweza, akasema Milka.

— Tunaweza, akasema mzee. Leo. Mtalala humo, nanyi ni watoto wa mwenye nyumba. Asubuhi mtaamka muone ziwa kutoka mlangoni kwake.

Rachael aliuliza kama ndani kuna giza, akaambiwa kuna dirisha. Akauliza kama mama ataruhusiwa kuingia akija Jumamosi. Mzee akasema mama yake ndiye mwenye haki kuliko wote, na kwamba atampigia sasa hivi amwambie asishukie Otonglo, afike moja kwa moja nyumbani.

Shitanda aliinuka kumpisha, akavua kofia bila kuambiwa. Salim alifunika birika. Mzee Gordon akasimama, mkono mmoja begani kwa Sheryl, Rachael akiwa mkononi, na pale pale kando ya barabara ya Busia, kwa sauti ambayo malori hayakuifunika, akaomba:

— Ee Bwana Mungu wetu, mtumishi wako Okinyi alitoka mbele yetu kabla hatujamaliza kuzungumza naye. Umpumzishe. Umsamehe alipokosa, umhesabie upendo aliowapenda hawa watoto. Na leo tunapokwenda kufungua mlango wake, uingie wewe kwanza, sisi tukufuate. Umwangazie nuru yako ya milele, Baba, alale kwa amani.

Wote wakaitika, na Salim kwa dini yake akaitika pamoja nao:

— Amina.